Tapeti Zikiwa Kimya Sana, Usishangilie: Namna ya Kuchagua Pushirodi na Kupima Nafasi ya Valvu

Wiki hii naomba tuweke pembeni kidogo habari za mbegu, mbolea na viwavijeshi. Tuongee chuma. Wengi wenu sasa hivi mna trekta, au mna pampu ya kumwagilia, au mmeungana watatu wanne mkanunua. Chombo hicho kikisimama katikati ya msimu, hata mbegu bora ya dunia nzima haitakusaidia.

Nianze na kisa ambacho na mimi nina mkono ndani yake.

Wiki tatu kabla ya masika, kijana mmoja wa pande za Dumila alinipigia simu niende nikaone trekta lake. MF 240, la mkono wa pili, limetoka kufanyiwa oveholi. Alikuwa ameshapokea advansi kwa wakulima kumi na wanne, jumla ekari sitini na kitu, na marejesho ya mkopo yalikuwa yanaanza mwezi wa nne. Akawasha. Injini ikatulia, kimya kama gari dogo la mjini. Fundi akatabasamu, akaniambia, "Sikiliza mwenyewe, bwana shamba. Tapeti hazigongi hata kidogo."

Na mimi nikampongeza. Nilisema kwa mdomo wangu huu huu, mbele ya mwenye trekta, kwamba hiyo ndiyo kazi.

Siku ya kumi na moja ya kulima trekta lilianza kusumbua kuwaka asubuhi. Siku ya kumi na mbili likawa linatoa moshi, halina nguvu, plau ikizama kidogo tu linataka kuzima. Siku ya kumi na tatu halikuwaka kabisa. Silinda hedi ilipofunguliwa, valvu ya kutolea moshi ya silinda ya pili ilikuwa imeungua ukingoni, imelika kama sahani iliyomegwa. Ekari zilizobaki hazikulimwa na trekta hilo. Kijana akarudisha pesa za watu, wengine akawatafutia trekta la kukodi kwa bei ya juu kuliko aliyowatoza yeye, na wapo waliopanda mahindi wamechelewa.

Ule ukimya tulioushangilia ndio uliokuwa ugonjwa wenyewe.

Pushirodi inafanya kazi gani?

Ndani ya injini ya aina hii, kemshafti iko chini, ubavuni mwa injini. Valvu ziko juu, kwenye silinda hedi. Lazima kitu kipeleke msukumo kutoka chini hadi juu. Nundu ya kemshafti inainua tapeti, tapeti inainua pushirodi, pushirodi inasukuma roka upande mmoja, na roka upande wa pili inabonyeza valvu ifunguke. Nundu ikishapita, springi inairudisha valvu ijifunge.

Kwa hiyo pushirodi ni fimbo tu ya chuma, lakini ina kazi nzito. Chukua hiyo MF 240 yenye injini ya Perkins AD3.152 ya silinda tatu. Mwendo wake wa juu wa kazi ni mizunguko 2,250 kwa dakika. Kemshafti huzunguka nusu ya hapo, yaani mara 1,125. Piga hesabu: ukilima saa nane kwa mwendo huo, kila pushirodi imepanda na kushuka mara 540,000 kwa siku moja. Kosa dogo la unene wa karatasi linarudiwa mara laki tano kabla hujala chakula cha jioni.

Kwa nini pawe na nafasi?

Tapeti za injini nyingi za matrekta na pampu zetu ni za chuma kitupu. Injini ikipata moto, chuma kinatanuka. Valvu inarefuka kidogo, pushirodi nayo inarefuka, silinda hedi inapanda. Kama hukuacha nafasi wakati wa baridi, wakati wa moto valvu itabaki imefunguliwa kidogo sana, hata kwa jicho huoni.

Sasa, valvu ya kutolea moshi inapitiwa na hewa ya moto mkali kila mara inapofunguka. Inapoaje? Sehemu kubwa ya joto lake hulitoa pale inapokaa kwenye kiti chake, chuma kwa chuma, na joto likaenda kwenye hedi na kwenye maji ya rejeta. Isipokaa vizuri haipoi, na hapo hapo moto unachungulia kwenye ule mwanya. Ndani ya siku chache inaungua. Ndiyo sababu nafasi ndogo mno ni mbaya kuliko nafasi kubwa kidogo: ndogo inaua kimyakimya, kubwa inapiga kelele uisikie.

Hilo halina maana kwamba kubwa ni salama. Nafasi ikizidi, valvu inachelewa kufunguka, inawahi kujifunga, na haifunguki kiasi chake. Injini inakosa pumzi, nguvu inapungua, na kule kugongana kunapinda pushirodi na kula ncha za roka na valvu.

Kosa lilikuwa wapi?

Tulimtafuta fundi mmoja mzee aliyezeeka na matrekta ya mashamba ya mkonge. Alitoa pushirodi zote sita, akazisimamisha mezani kwenye kipande cha kioo. Nne zilikuwa sawa. Mbili zilikuwa ndefu kuliko wenzake kwa karibu milimita mbili.

Ilikuwa hivi. Wakati wa oveholi pushirodi mbili zilikutwa zimepinda. Zikanunuliwa nyingine kwenye lundo la spea za mtumba kwa sababu "zinafanana". Zaidi ya hapo, hedi ilikuwa imekwanguliwa kwenye mashine ili inyooke, na viti vya valvu vimechongwa upya. Yote hayo yanapunguza nafasi. Skrubu za roka zikafunguliwa hadi mwisho wa nyuzi zake na bado nafasi haikupatikana. Fundi wa kwanza hakuwa mzembe. Alikuwa amejifunzia kwenye magari ya petroli yenye tapeti za mafuta, ambako kimya ni dalili ya uzima. Alileta sikio la gari kwenye trekta.

Kuchagua pushirodi: usinunue kwa macho

Kwanza, nunua kwa namba ya injini, siyo kwa jina la trekta. Trekta lenye jina moja linaweza kuwa limeshabadilishwa injini huko lilikotoka. Namba imegongwa kwenye bloku. Ipige picha, nenda nayo dukani.

Pili, nenda na ya zamani nzima. Pima urefu kwa kalipa ndefu, au zisimamishe pamoja kwenye kioo kama alivyofanya mzee wetu. Seti nzima ifanane. Ukiona moja imezidi au imepungua, usiiweke kwa matumaini kwamba skrubu itafidia. Skrubu ya roka ipo kwa ajili ya marekebisho madogo, haikuwekwa kuficha spea isiyo yake.

Tatu, angalia ncha. Kwenye Perkins hizi, ncha ya juu ya pushirodi ina kikombe, na skrubu ya roka ina kichwa cha mviringo kinachokaa humo. Kikombe kikiwa kimelika upande, au kichwa kimepata bapa, nafasi utakayopima leo kesho haipo. Pushirodi yenye kikombe ukiipima kwa nje tu unaweza kudanganyika, maana urefu unaofanya kazi unaanzia kwenye sakafu ya kikombe.

Nne, ivingirishe. Laza pushirodi kwenye kioo cha dirisha na uivingirishe kwa kidole. Ikirukaruka au ukaona mwanga unapita chini yake katikati, imepinda. Usiigonge nyundo kuinyoosha. Chuma kilichopinda mara moja kinajua njia ya kupinda tena. Na jiulize ilipindaje: huenda valvu ilikwama kwenye gaidi yake, au iligongana na pistoni. Usipotibu sababu, mpya nayo itapinda.

Tano, kama ni yenye tundu katikati, puliza. Kwenye injini za aina hiyo oili inapanda juu kwa kupitia ndani ya pushirodi. Ikiziba, roka inakauka.

Na ukizitoa, chukua boksi la karatasi ngumu, toboa matundu, andika namba, kila moja iingie kwenye tundu lake. Pushirodi zilizokwisha kuzoeana na tapeti na roka zao zirudi kwa hao hao.

Kila kazi ya hedi inabadilisha hesabu

Hili naomba mlishike. Hedi ikikwanguliwa, roka zinashuka karibu na kemshafti, nafasi inapungua. Viti vya valvu vikichongwa, valvu inazama ndani, mkia wake unapanda juu, nafasi inapungua tena. Gasketi nene kuliko ya mwanzo inaongeza nafasi. Ncha za roka zikilika, nafasi inaongezeka. Kwa hiyo mtu akikwambia "hedi nimekwangua kidogo tu," swali lako la kwanza liwe: kiasi gani, na je, bado iko ndani ya kikomo cha kitabu? Kwenye dizeli pistoni hupanda karibu sana na hedi, hakuna nafasi ya kubahatisha.

Namna ya kupima, hatua kwa hatua

Unahitaji spana, bisibisi bapa, na fila, vile vibapa vya chuma vyembamba vyenye namba. Fila ni kifaa cha bei ndogo. Kila mwenye injini awe na yake.

1. Acha injini ipoe kabisa, ikiwezekana ilale usiku kucha. Chomoa waya wa betri na vuta stopa ya mafuta isije ikawaka.
2. Safisha kifuniko cha juu kabla ya kukifungua. Vumbi la shamba likiingia humo ni msasa.
3. Zungusha injini kwa mkono, kwa spana kwenye nati ya puli ya mbele, kuelekea upande inakozungukia kawaida.
4. Shughulikia silinda moja moja. Valvu ya kutolea moshi inapoanza kufunguka, pima ya kuingiza hewa. Valvu ya kuingiza hewa inapokaribia kumaliza kujifunga, pima ya kutolea moshi. Kanuni hii inafanya kazi kwenye injini zote za namna hii, iwe silinda moja au nane.
5. Ingiza fila kati ya roka na mkia wa valvu. Ipite kwa kukwaruza kidogo, kama unavyovuta noti iliyobanwa kwenye kitabu. Ikipita huru, nafasi ni kubwa. Ikigoma, ni ndogo.
6. Legeza nati ya kufungia, zungusha skrubu kwa bisibisi hadi iwe sawa, shikilia bisibisi, kaza nati. Kisha pima tena, kwa sababu kukaza nati mara nyingi kunasogeza skrubu.
7. Zungusha injini mizunguko miwili kamili, rudia kupima zote. Andika kwenye daftari.

Kwa injini ya silinda nne yenye mpangilio wa 1-3-4-2 kuna njia ya mkato: valvu za silinda ya 4 zinapopishana, yaani moja inajifunga na nyingine inafunguka, pima silinda ya 1. Za 2 zikipishana, pima 3. Za 1 zikipishana, pima 4. Za 3 zikipishana, pima 2.

Namba za kuanzia

Perkins AD3.152, na zile za silinda nne za ukoo wa 4.236, hupimwa milimita 0.30 injini ikiwa baridi, valvu zote. Cummins za ukoo wa B za valvu mbili kwa silinda, kama 4BT na 6BT, ni 0.25 kwa kuingiza hewa na 0.51 kwa kutolea moshi. Land Rover yenye dizeli ya 300Tdi ni 0.20 zote.

Wenye pampu za kumwagilia: Honda GX160 nayo ina pushirodi, mbili tu. Toleo lililozoeleka hupimwa 0.15 kwa kuingiza na 0.20 kwa kutolea moshi, ikiwa baridi, na inaruhusiwa kupungua au kuzidi kwa 0.02. Yapo matoleo mengine yenye namba ndogo zaidi, hivyo soma kitabu kilichokuja na pampu yako. Pampu ikikataa kuwaka na plagi inatoa moto na petroli inafika, usikimbilie kabureta. Pima tapeti kwanza.

Tapeti za mafuta na mbano wake

Baadhi yenu mnaangalia video za Marekani, matrekta ya mashindano ya kuvuta uzito na magari ya V8, mkaniuliza kwa nini wale wanasema pushirodi ibane na siyo iache nafasi. Swali zuri, na ndilo lililomwangusha fundi wetu.

Tapeti ya mafuta ina pistoni ndogo ndani yake inayoelea juu ya oili, na kispringi chini. Oili inaziba mwanya wenyewe, injini ikiwa baridi au moto. Ili ifanye kazi, pistoni hiyo isikae juu kabisa wala chini kabisa. Ndiyo maana unaibana kidogo kuanzia pale nafasi inapofika sifuri, na kile kiasi cha kushuka ndicho mbano wa awali.

Kwenye V8 ndogo za Chevrolet za zamani, unakaza nati ya roka huku ukiinua na kushusha pushirodi kwa vidole. Pale mchezo wa juu na chini unapoisha, hapo ni sifuri. Kisha kitabu cha kiwanda kinataka uongeze zungusho moja kamili. Watu wengi wa mashindano wanaishia nusu. Ukitegemea kuizungusha tu pushirodi kwa vidole hadi igome, utakuwa umeshapita sifuri, maana kile kispringi ni laini na kinadanganya.

Kwenye V8 mpya zaidi za ukoo wa LS, roka zinakazwa moja kwa moja, hakuna skrubu ya kurekebisha. Hapo urefu wa pushirodi ndio mbano wenyewe. Ukikwangua hedi milimita 0.75, umeongeza mbano 0.75. Wenyewe hutumia pushirodi ya kupimia inayorefushwa kwa nyuzi: wanatafuta urefu wa nafasi sifuri, wanaongeza mbano unaotakiwa na mtengenezaji wa tapeti, ndipo wanaagiza. Kwa mfano sifuri ikiwa 187.0 na mbano unaotakiwa ni 1.0, unaagiza 188.0. Mbano ukizidi, pistoni ya ndani inafika chini kabisa, valvu haifungi. Ukipungua, inagonga.

Pushirodi zao nene za chuma kigumu ni kwa ajili ya injini inayozunguka 7,000 kwa dakika yenye springi nzito. Trekta lako la 2,250 halizihitaji. Linahitaji zile zake, zilizonyooka, zenye urefu sahihi. Na kamwe usipeleke mbano kwenye tapeti za chuma kitupu. Huko ni kuchoma valvu kwa makusudi.

Dalili za kuangalia

Nafasi ndogo: inasumbua kuwaka asubuhi, haina nguvu, kompresheni ya silinda moja imeshuka, unasikia pumzi ikirudi kwenye bomba la hewa au la moshi, na tapeti ziko kimya. Nafasi kubwa: mlio wa cherehani unaofuata mwendo wa injini. Mlio huo ukiwa mwepesi na sawasawa kwenye Perkins, ni wa kawaida, lala usingizi. Ukiwa mmoja umejitenga, unagonga peke yake, simamisha ukaangalie.

Ukinunua injini ya mkono wa pili, au ikitoka kwa fundi, omba kitu kimoja kabla hujalipa: mfungue kifuniko cha juu, upime mwenyewe. Ni kazi ya saa moja. Angalia pia skrubu za roka. Kama zote zimebakiza nyuzi za kufanana, vizuri. Kama mbili ziko mwisho kabisa na nyingine katikati, kuna spea humo ndani isiyo ya kwao.

Yule kijana wa Dumila alinunua seti kamili ya pushirodi sita na valvu mpya, akaset tapeti mwenyewe huku mzee amekaa kwenye ndoo anaangalia. Mkopo alikuja kuumaliza kwa kuchelewa, kwa pesa ya kupukuchua mahindi. Sasa ana daftari lenye mafuta ya grisi kila ukurasa: tarehe, saa za injini, namba sita. Nilipopita tena mwaka huu aliwasha trekta, na tapeti zilikuwa zinaita kwa mbali, tiki-tiki-tiki.

Akanitazama, akaniuliza, "Vipi bwana shamba, leo unasemaje?"

Nikamwambia sisemi kitu. Alete fila tupime.